Jarida la Mashabiki na Orodha ya Vilivyopotea

Wako walimu wanaoamini kwamba jarida la mashabiki wa mchezo wa televisheni ni karatasi ya kupotezea wakati, wala halina la kumfunza mwanafunzi wa sayansi. Dhana hiyo siikubali, na sababu yangu ni jarida moja la Uingereza.

Shirika la Utangazaji la BBC lilianza kuonyesha mchezo uitwao Doctor Who tarehe 23 Novemba 1963. Ni hadithi ya kubuni ya msafiri apitaye katika wakati na anga kwa chombo ambacho kwa nje ni kibanda cha simu cha polisi. Waliouanzisha walikusudia pia kuelimisha watoto. Ndiyo maana miongoni mwa wasafiri wenzake wa kwanza walikuwamo walimu wawili wa sekondari, mmoja wa sayansi na mmoja wa historia. Sayansi ya mchezo wenyewe aghalabu haisimami. Chombo chenye nafasi kubwa ndani kuliko nje hakimo katika kitabu chochote cha fizikia, na mwanafunzi asiutumie mchezo huo kujiandalia mtihani.

Oktoba 1979, tawi la Uingereza la kampuni ya Marvel lilianza kutoa jarida la juma kwa ajili ya wapenzi wa mchezo huo. Kuanzia Septemba 1980 likawa la kila mwezi. Lilikuwa na hadithi za picha, mahojiano na barua za wasomaji. Lilikuwa biashara kama biashara nyingine.

Hata hivyo kulikuwa na msiba. Katika miaka ya 1960 kanda za kurekodia picha zilikuwa ghali, na haki za kurudia mchezo zilikuwa na mipaka. Rangi ilipoingia, michezo ya rangi nyeusi na nyeupe ikaonekana haina soko tena. Basi BBC ikafuta kanda ili zitumike upya, na nakala za filamu zilizokuwa zikiuzwa nchi za nje nazo zikatupwa. Hapakuwa na uovu katika jambo hilo. Palikuwa na rafu zilizojaa na hesabu za fedha. Sehemu nyingi za mchezo zikatoweka kabla ya mwenyewe kujua alichopoteza.

Mwaka 1981 toleo maalumu la jarida lilichapisha orodha ya sehemu zilizokuwa hazimo tena katika hifadhi. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko picha na mahojiano yote. Kutangaza tulicho nacho ni rahisi, na kila mtu hupenda kukitangaza. Kuandika kwa makini kile tusicho nacho, kimoja kimoja, kwa jina lake, ndiko kunakofungua njia ya utafiti. Aliyekuwa na kopo la filamu stoo sasa aliweza kujua kama lilikuwa na thamani. Mwaka 1983 sehemu mbili zilipatikana katika jengo la kanisa mjini London, na nyingine zikafuata kutoka kwa watu binafsi na vituo vya ng'ambo.

BBC ilisimamisha mchezo mwishoni mwa 1989. Ukiacha filamu moja ya mwaka 1996, mchezo mpya haukuonekana hadi 2005. Jarida halikufa. Katika miaka hiyo mikavu liliendelea kuchimba kumbukumbu: tarehe za kurekodi, miswada, majina ya mafundi, na kusahihisha yaliyokwisha kuaminiwa bila ushahidi. Wapo watakaosema kwamba juhudi kubwa namna hiyo juu ya mchezo wa kuigiza ni upuuzi. Yumkini. Mashabiki nao hugombana juu ya vitu vidogo mno. Lakini tabia ya kutoridhika na jibu lisilo na hati haichagui somo, na kijana aliyeizoea katika mchezo hataiacha mlangoni mwa maabara.

Shule ngapi zina rekodi za mvua za miaka 10 iliyopita, zilizopimwa na wanafunzi wao wenyewe? Madaftari hujaa, mwalimu huhamishwa, kabati husafishwa. Chama cha sayansi chenye jarida la kurasa chache, hata la kuchapwa kwa mashine na kubandikwa ukutani, kingeweza kuanza kwa kuandika ni miezi ipi haimo.

Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba sehemu 9 zilizokuwa zimepotea zimepatikana Jos, nchini Nigeria, katika kituo cha televisheni kilichopelekewa filamu hizo zamani. Kwa hadithi moja kati ya mbili zilizopatikana, The Web of Fear ya mwaka 1968, sehemu ya tatu haikuwamo. Sauti yake ipo, kwa kuwa watazamaji waliinasa nyumbani kwa vinasa sauti vyao, na picha zake chache za mnato zipo pia.