Karafuu kwa Mizani, Kuni bila Hesabu



Karafuu zetu twazipima kwa mizani, wala hapana akubaliye kupunjwa hata kilo moja. Lakini kuni na mkaa wa kuwapikia wachumaji katika madago twavichoma bila hesabu. Twaona jambo hili lafaa kufikiriwa kabla ya msimu.

Mkaa utumikao visiwani si wote wa miti yetu. Mwingine huvuka bahari kutoka Bara. Huko, katika Mkoa wa Pwani, iko kata ya Kurui, Wilaya ya Kisarawe. Wilaya hiyo kwa miaka mingi imelisha majiko ya Dar es Salaam, na misitu yake ya Pugu na Kazimzumbwi imepoteza miti mingi kwa sababu ya mkaa. Tena tanuri la udongo la desturi, katika kilo 100 za kuni, hutoa mkaa wa kilo 10 hadi 20 tu. Basi mkaa tuupotezao jikoni ni mti mzima uliopotea kwa wenzetu.

Serikali zimejaribu njia mbalimbali. Januari 2006 Bara walipiga marufuku mkaa. Bei ilipanda, watu hawakuwa na kingine cha kupikia, na baada ya muda mfupi marufuku ikaondolewa. Mwaka 2024 ukaja mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye shabaha ya kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034. Kwetu umeme umepita chini ya bahari, Unguja mwaka 1980 na Pemba mwaka 2010. Lakini nyumba nyingi zawasha taa kwa umeme na kupika kwa kuni. Kenya, miaka ya 1980, mafundi wa bati walianza kuunda jiko la bati lenye udongo ndani, ambalo hushika moto na kula mkaa kidogo. Watu walilinunua kwa kuwa liliwabakizia fedha mfukoni.

Hapa ndipo tusimamapo sisi. Amri isiyompa mpishi kitu badala yake haidumu. Jiko limpalo faida hudumu.

Wako watakaosema kuni za shamba ni za bure. Si za bure kwa azitafutaye, wala kwa mama apikaye akitokwa na machozi ya moshi.

Rai yetu ni hii. Kila tawi lichague dago moja. Wiki moja wapike kwa mafiga matatu, wiki ya pili kwa jiko la udongo lililozibwa ubavuni, kwa idadi ile ile ya walaji. Kuni zikaushwe vema, masufuria yafunikwe, na kila siku kuni zipimwe kwa mizani ile ile ya karafuu. Hesabu iletwe mkutanoni. Ikionekana faida, chama kiwakopeshe wanachama majiko, wayalipe baada ya mauzo.