Jina la Fundi Liko Wapi?

Kama una kisanduku cha mbao nyumbani, kile cha pete, cha barua za mpenzi wa zamani, cha bangili ya mtoto aliyotoka nayo hospitali, kitoe. Ondoa vilivyomo, weka kando, halafu kigeuze. Angalia chini.

Juu najua kuna nini. Kuna majina yenu wawili na tarehe ya harusi, pengine na moyo katikati, vyote vimechomwa kwa leza. Ndani kuna kikaratasi cha duka na akaunti yao ya Instagram. Lakini pale chini, mahali ambapo aliyekiunda angeandika jina lake bila kumkera mtu yeyote, pako wazi kabisa.

Basi ninachosema ni hiki: tunauziana vitu vya kukumbuka, na jambo la kwanza tunalofanya ni kumsahau aliyevitengeneza. Na hatumsahau kwa bahati mbaya. Kuna watu wanaokula kutokana na usahaulifu huo.

Sina ugomvi na leza. Ukitaka kisanduku cha MDF kilichokatwa na mashine dakika chache, nunua, ni pesa yako. Ugomvi wangu ni na maneno "kimetengenezwa kwa mkono" yakibandikwa kwenye bidhaa na watu ambao ukiwauliza mkono wa nani, wanakuangalia kana kwamba umewauliza nambari ya siri ya M-Pesa.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe, maana wengi wetu tunasema "ni kasanduku tu".

Mti ukikatwa una maji. Mbao mbichi ukiifanya kisanduku leo, baada ya muda kifuniko kitapinda na pembe zitaachana. Kanuni ya zamani ya maseremala ni kwamba mbao inayokaushwa kwa hewa tu, kivulini, huhitaji karibu mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Na hata ikikauka haitulii. Msimu wa mvua hunenepa, kiangazi hukonda, na hufanya hivyo kwa upana zaidi kuliko urefu. Ndiyo sababu fundi anayejua kazi hapigi gundi ubao wa chini. Anachonga mfereji mwembamba ndani ya kuta nne, anauingiza ubao humo na kuuachia nafasi kidogo ya kupumua.

Pembe nazo. Unaweza kupiga msumari na gundi ukamaliza kabla chai haijapoa. Ama unaweza kukata meno yanayoingiana, kila jino limepanuka mwishoni kama mkia wa njiwa, kwa msumeno mwembamba na patasi iliyonolewa vizuri. Ukikosea kwa unene wa kucha, pengo litakuangalia milele. Kisha kuna ule ujanja ninaoupenda: fundi anajenga boksi zima likiwa limefungwa pande zote sita, halafu analikata kwa msumeno kukitenga kifuniko. Hivyo nyuzi za mbao zinapanda kutoka kwenye ukuta hadi kwenye kifuniko bila kukatika. Wewe utaona tu kwamba kisanduku "kinakaa poa". Hutajua kwa nini.

Halafu finishi, mahali ambapo wateja wanaanza kuuliza "bado tu?" Msasa namba 80, kisha 120, 180, 240, kila mara ukifuata nyuzi. Kila namba inafuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia. Ukiruka moja, vanishi itakuja kukusema mbele ya watu. Kisha unapitisha kitambaa chenye maji ili vinyweleo vya mbao visimame, unangoja ikauke, unapiga msasa tena. Vanishi hupakwa nyembamba, inakauka, inapigwa msasa laini, inapakwa tena. Na haya yote yanafanyika kando ya Ngong Road, matatu zikipita na kurusha vumbi juu ya kitu kinachotakiwa kuwa laini kama kioo. Ndani ya kisanduku usipake mafuta, kwa sababu kikifungwa harufu inabaki humo ikichacha. Hapo wanaojua hutumia shelaki, utomvu wa mdudu unaoyeyushwa kwa spiriti, ambao hukauka haraka na hauachi harufu ya kudumu.

Hayo ndiyo unayoyaita kasanduku.

Sasa tupige hesabu. Tuseme duka linakuuzia kwa 6,000, na fundi alilipwa 1,500. Nambari ni za mfano, weka zako kama unazijua. Toa mbao, toa bawaba, toa msasa, gundi na vanishi. Kinachobaki kigawe kwa siku tatu za kazi. Halafu niambie ni kijana gani mwenye akili timamu atakaa miaka miwili chini ya fundi akijifunza kukata mkia wa njiwa. Atanunua bunduki ya misumari. Ama ataenda kuendesha bodaboda, na mimi siwezi kumlaumu.

Mimi hula kwa kuandika. Kuna wakati duka fulani la mtandaoni lilinipa kazi ya kuandika maelezo ya bidhaa zao za mbao. Nikauliza majina ya mafundi ili niyaweke, mstari mmoja tu kwa kila bidhaa. Nikajibiwa, "Hiyo haisaidii kuuza." Nikasema inasaidia, watu wanapenda hadithi. Jibu la pili lilikuwa la kweli zaidi: "Wateja watatupita waende kwake moja kwa moja." Kazi ikaenda kwa mwandishi mwingine. Kodi ya nyumba ilinitoa jasho mwezi huo, lakini angalau nilielezwa biashara inavyoenda, bila sukari.

Hapo ndipo penye siri yote. Jina la fundi linafichwa kwa sababu lina thamani. Kama lingekuwa halina maana, nani angejisumbua kulificha?

Najua mtanijibu. Wa kwanza atasema, fundi mwenyewe hajali jina, anataka pesa. Sawa, mlipe pesa. Lakini jina ndilo linaloleta oda ya pili, na oda ya pili ndiyo inayompa nguvu ya kukataa bei ya matusi. Wa pili atasema, mafundi wetu ni waongo: "kesho" yao haifiki, na mbao wanatumia mbichi. Mara nyingine ni kweli. Na dawa yake ni hiyo hiyo. Mtu ambaye jina lake liko chini ya kisanduku ataogopa kufunga mbao mbichi, kwa sababu kikipinda, kimepinda na jina lake. Asiyejulikana hana cha kupoteza.

Na tusijidanganye kwamba huu ni ugonjwa wa Instagram. Umekuwepo. Kule pwani familia zimerithishana makasha makubwa yenye misumari ya shaba na droo za siri. Mengi yaliletwa kwa jahazi kutoka Bara Hindi, mengine yakaundwa hukuhuku. Tunajua yalikuwa ya bibi nani, aliolewa na nani, akaweka nini ndani. Aliyeyachonga? Kimya. Ukambani tunalo jina moja, Mutisya Munge wa Wamunyu, anayetajwa kuwa ndiye aliyeanzisha biashara ya uchongaji baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Waliomfuata ni maelfu, na kazi zao ziko sebuleni kwa watu Ulaya na Marekani. Nyingi zinajulikana kwa jina la nchi tu, kana kwamba Kenya nzima ilishika patasi.

Shule nayo imetusaidia kudharau. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985 ulikuja na ahadi ya kazi za mikono, lakini mzazi akitaka kumtisha mtoto mvivu bado alimwambia, "Utaishia kuwa fundi." Mimi nimeacha chuo kikuu, kwa hivyo sentensi hiyo nimeisikia katika matoleo yote. Kila ninapoisikia najiuliza: huyu anayenitisha na useremala, je, anaweza kukata ubao ukanyooka?

Kwa hivyo, wewe unayepanga kuagiza kisanduku cha harusi, cha baby shower, cha kumbukumbu ya mzee aliyefariki, fanya hivi. Uliza nani atakitengeneza. Kama hawajui, ama hawataki kusema, ondoka. Uliza ni mbao gani na imekaushwa muda gani. Ukishakubaliana bei na fundi, usirudi siku ya kuchukua kuanza "si unipunguzie kidogo". Ninyi wenye maduka, ongezeni faida yenu kwa kutafuta wateja wengi, si kwa kuwafuta watu. Na ninyi mafundi, acheni unyenyekevu huu. Kabla ya vanishi ya mwisho, kigeuze kisanduku uandike: jina lako, mahali, mwaka.

Haihitaji leza. Penseli tayari iko nyuma ya sikio lako.