Mpiga Ngoma Asiyechoka

Katika mitaa ya Ngarenaro, Kaloleni na Sakina, na huko Ilboru hata Tengeru, wako vijana ambao jioni hufunga milango ya vyumba vyao, wakachukua gitaa, wakaanza kujifunza nyimbo pamoja na mpiga ngoma asiye na mikono wala jasho. Mpiga ngoma huyo yumo ndani ya kompyuta, au ndani ya simu ya mkononi. Haombi chai, hazuiwi na mvua, wala hagombani na mtu juu ya malipo. Akiambiwa arudie ubeti ule ule mara hamsini, atarudia mara hamsini bila kununa.

Wako watu wasemao kwamba jambo hili ni uvivu, tena ni mwanzo wa kufa kwa muziki wetu. Wako na wengine wasemao kwamba siku za mpiga ngoma aliye mtu zimekwisha, na anayemwita mwenzake aje na fimbo zake anajisumbua bure. Sisi hatukubaliani na upande wowote. Twasema kwamba chombo hiki ni mwalimu mzuri wa jambo moja, nalo ni kushika wakati. Walakini hakiwezi kuwa badala ya mwenzi. Tena twasema kwamba hakitoi ila kile kilichotiwa ndani yake, na mpaka leo sisi wenyewe tumetia kidogo mno.

Yafaa kwanza ifahamike chombo chenyewe ni kitu gani. Mafundi huingia studio pamoja na mpiga dramu hodari. Humwagiza apige kila ngoma peke yake, polepole na kwa nguvu, katikati na ukingoni, na kila pigo hurekodiwa. Mapigo hayo, ambayo huweza kufika maelfu, hupangwa ndani ya programu. Mtumiaji huchagua mtindo autakao, hutaja idadi ya mapigo kwa dakika, huonyesha mahali pa ubeti na mahali pa kiitikio, na programu huyatoa mapigo yale kwa utaratibu. Programu zilizo bora hata hukosea kidogo kwa makusudi, pigo moja likitangulia na jingine likichelewa kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, ili msikilizaji adhani kuwa anamsikia mtu. Basi hata mpiga ngoma huyu asiye mtu, nyuma yake yuko mtu. Iko mikono iliyopiga. Msomaji aliweke jambo hili moyoni, maana tutalirudia.

Wala jambo hili halikuanza jana. Mwaka 1815 Johann Maelzel alipata hataza ya metronomu, kile chombo kigongacho mapigo sawasawa ambacho wanafunzi wa piano wanakitumia hata leo. Mwaka 1980 Mmarekani mmoja, Roger Linn, alitoa mashine ya kwanza iliyouzwa ikiwa na sauti za dramu za kweli zilizorekodiwa. Bei yake ilikuwa karibu dola 5,000, na wachache tu waliweza kuinunua. Mwaka 2013 kampuni ya Apple ilitia mpiga ngoma wa namna hii ndani ya programu yake iitwayo Logic Pro X. Leo ziko programu kama Hydrogen ambazo mtu huzipata bure, tena kwa halali, akazitumia katika kompyuta ya kawaida. Kitu kilichokuwa cha matajiri kimefika mikononi mwa mtoto wa fundi cherehani.

Na kabla ya mtu yeyote hapa petu kumcheka kijana mwenye simu yake, na ajiulize ni kwaya ngapi chini ya Mlima Meru ambazo kwa miaka mingi zimeimba kwa kinanda cha umeme chenye kitufe cha mapigo. Kitufe kikibonyezwa, dramu huanza, besi hufuata, na waimbaji huingia. Huyo naye ni mpiga ngoma asiye mtu. Tumekuwa naye Jumapili kwa Jumapili, wala hatukusema kwamba ameua uimbaji.

Faida za chombo hiki ni dhahiri. Seti ya dramu ni ghali, yahitaji chumba cha kutosha, na sauti yake hupita ukuta. Nyumba nyingi za kupanga katika mji wetu zina vyumba vilivyofuatana, kila chumba na familia yake. Chumba cha pili yumo mtoto anayejiandaa kwa mtihani; cha tatu yumo mzee mgonjwa. Nchi yetu ina kanuni za kuzuia kelele tangu mwaka 2015, lakini hata kama zisingekuwapo, heshima kwa jirani ingetosha kuwa sheria. Kijana anayejifunza kwa spika za masikioni saa nne za usiku hamnyimi mtu usingizi, na gitaa lake laendelea.

Faida kubwa kuliko zote ni ile ya kushika wakati. Mtu anayejifunza peke yake ana ugonjwa wake unaojulikana: mahali pepesi hukimbia, mahali pagumu hulegea, na kiitikio kikifika hupanda kama gari lililokatika breki mteremkoni. Yeye mwenyewe hajui, kwa sababu hana wa kumwambia. Sisi tuliosoma katika shule za misheni twamkumbuka mwalimu wa kwaya aliyegonga meza kwa rula huku tukisoma nota za do, re, mi ubaoni, na aliyekimbia mbele ya rula alisimamishwa. Mwalimu yule alikuwa mkali, lakini alichoka, akaenda nyumbani kwake. Mashine haichoki wala haiendi nyumbani.

Kwa hiyo tunawashauri vijana waitumie kama mwanafunzi amtumiavyo mwalimu. Wimbo mpya uanzwe taratibu, mathalani mapigo 60 kwa dakika, na mwendo usiongezwe mpaka vidole vipite mahali pote bila kukwama. Kisha uongezwe kidogo kidogo. Mtu akiisha kuuweza, na ainyamazishe mashine kwa muda wa hesabu mbili za mapigo manne, aendelee kupiga, kisha airudishe. Mashine ikirudi na kumkuta palepale, amefaulu. Ikirudi na kumkuta ametangulia au amebaki nyuma, basi wakati haujaingia bado mwilini mwake, umo katika mashine tu. Hapo ndipo penye tofauti kati ya mtu anayejifunza na mtu anayebebwa.

Sasa tufike kwenye hatari, maana hatari zipo. Ya kwanza ni kwamba mashine haisikii. Mwimbaji akivuta neno kwa sababu limemgusa, mashine haimngoji. Wachezaji wakipata moto, mashine haitambui kwamba sasa ndio wakati wa kuchochea. Mpiga ngoma wa kweli macho yake yako kwenye miguu ya wachezaji na sikio lake liko kwa mwimbaji. Hutoa, naye hupokea. Mtu aliyezoea mwenzi asiyepokea chochote, siku akikaa na watu huwa kama mtu aliyekula peke yake miaka mingi, kisha akaitwa kwenye sinia moja na wenziwe. Hajui zamu yake ni lini.

Mji wetu una historia katika jambo hili. Mwaka 1970 Wilson na George Kinyonga, waliokuwa wakipiga katika Jamhuri Jazz ya Tanga, walikuja Arusha, na pamoja na ndugu yao William wakaanzisha Arusha Jazz. Baadaye walivuka mpaka kwenda Kenya, ambako walijulikana kwa jina la Simba Wanyika, na sifa zao zikaenea Afrika Mashariki yote. Mwenye kusikiliza muziki wao husikia magitaa yakizungumza: moja lauliza, la pili lajibu, besi yapita katikati bila kumkanyaga mtu, na dramu yawashika wote. Mazungumzo ya namna hiyo mtu hawezi kujifunza akiwa amefunga mlango. Hufundishwa na kukaa pamoja, kukosea mbele ya wenzako, na kusahihishwa.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi. Kwa kawaida programu hizi zikifunguliwa huwa tayari zimepangwa kwa hesabu ya mapigo manne, aghalabu kwa mwendo wa 120 kwa dakika. Ndani yake utakuta mitindo ya roki, jazi na fanki, kila mmoja na jina lake. Lakini kijana akitafuta sindimba ya Wamakonde, mdumange wa Wasambaa, lizombe ya Wangoni au bugobogobo ya Wasukuma, yaelekea atarudi mikono mitupu. Asiyepata cha kwao hutumia alichopewa, na akikitumia miaka kumi husahau kwamba kulikuwa na kingine. Mwili wake wenyewe huanza kuhesabu nne mahali ambapo babu yake alisikia tatu na mbili zikipishana.

Tarehe 10 Desemba 1962, alipolihutubia Bunge kama Rais wa kwanza wa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza kuanzishwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Alisikitika kwamba wengi waliosoma walikwisha kujua rumba, chachacha na twisti, lakini ngoma za nchi yao wenyewe hawakuzijua, na nyingine hata majina yake hawakuyasikia. Miaka mingi imepita tangu siku ile. Wakati ule mgeni alifika kwa santuri na katika kumbi za dansi. Leo amefika katika simu, naye ni mpole zaidi, kwa kuwa hamlazimishi mtu. Hutoa alichonacho tu, na kile asichokuwa nacho hukiacha kipotee.

Hapa chini ya Meru pana fundisho jingine zaidi. Waarusha na ndugu zao Wamasai tangu zamani huimba bila ngoma. Wakati wao hushikwa na vifua vya vijana vinavyonguruma pamoja, na miguu inayoruka na kutua, huku kiongozi wa wimbo akipaa juu yao wote. Ni mpiga ngoma gani wa kompyuta aliyefundishwa hilo? Lakini tusiseme kwamba haliwezekani. Kundi la X Plastaz la mji huu huu wa Arusha liliimba rap likiwa na mwimbaji wa Kimasai kati yao, na mwaka 2004 likatoa albamu iitwayo Maasai Hip Hop, iliyosikilizwa mpaka Ulaya. Humo mapigo ya mashine na sauti ya malishoni vilikaa katika wimbo mmoja. Na vijana wa Dar es Salaam, kwa kompyuta za kawaida kabisa, wamejenga singeli, muziki unaokwenda kwa mapigo 200 hata 300 kwa dakika, na albamu ya Sounds of Sisso ya mwaka 2017 ikaufikisha mbali. Vijana hao hawakumngoja mtu wa nje awape mwendo wao.

Basi tufanye nini? Kwanza, chuo kikuu cha Makumira, hapa jirani na Usa River, kinafundisha muziki mpaka shahada. Bagamoyo ipo taasisi ya sanaa, ambayo chuo chake kilianzishwa mwaka 1981. Twaziomba taasisi hizi ziwaite wapiga ngoma wetu hodari, wazee kwa vijana, zirekodi ngoma zao pigo kwa pigo, pamoja na njuga na manyanga na miguruma ya vifua, kisha zitie sauti hizo katika programu za bure ili kila kijana azipate. Kazi hii haihitaji kiwanda. Yahitaji vipaza sauti vizuri, chumba kimya, na subira.

Lakini hapa ndipo tunaporudia lile neno la mikono. Mzee atakayepiga na aandikwe jina lake, alipwe, na aelezwe kwa lugha anayoielewa sauti yake itatumikaje. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi. Baraza la Sanaa la Taifa na Ofisi ya Hakimiliki wasimame mlangoni tangu mwanzo, wasije kuamka siku ngoma zetu zimekwisha kuuzwa ng'ambo na kurudi kwetu zikiwa na bei.

Na haki hiyo ina pande mbili. Vijana wengi hutumia programu za kulipiwa walizozipata kwa njia ya wizi. Kisha huyo huyo, wimbo wake ukinakiliwa mtaani, hulia kwamba ameibiwa. Ikiwa hana fedha, programu za bure zipo. Asiyeheshimu jasho la fundi wa ng'ambo atawezaje kumwambia mwenzake aheshimu jasho lake?

Pili, shule, makanisa na ofisi za kata zina kumbi ambazo usiku hukaa giza. Zifunguliwe walau jioni moja kwa juma, chini ya uangalizi, ili vijana waliojifunza peke yao wakutane. Gharama yake ni balbu chache na mlinzi mmoja. Faida yake ni bendi.

Na ninyi vijana, jifunzeni na mashine siku sita, lakini siku ya saba tokeni nje. Mtafuteni mwenye ngoma, hata kama anakosea kuliko mashine, mkae naye mpaka mwelewane. Mtakapoiweza kazi yenu, mtieni huyo mpiga ngoma asiyechoka ngoma za nyumbani, naye atazipiga bila kuchoka vilevile. Mcheza kwao hutuzwa. Lakini kwanza sharti kwao pawepo.