Chanjo Haipandi Ngazi





Mazungumzo yetu yahusu chanjo ya korona mwaka 2021, na hasa namna ilivyowafikia, au ilivyokosa kuwafikia, watu wa Huruma katika mitaa ya mashariki ya Nairobi. Huenda msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu akauliza: Huruma yatuhusu nini? Yatuhusu. Ni nyumba ngapi za huku kwetu zisizo na binti, dada au shangazi aliyekwenda Nairobi kutafuta riziki? Tena tusisahau kwamba tarehe 6 Mei 2020, Serikali ilipozuia watu kuingia na kutoka mitaani kwa ajili ya maradhi haya, mitaa iliyotajwa siku hiyo ilikuwa miwili: Mji wa Kale wa Mombasa, na Eastleigh iliyo jirani na Huruma. Tulifungiwa pamoja. Basi na tutafutiane pamoja njia ya kutoka.

Jumapili, tarehe 21 Novemba 2021, Waziri wa Afya wa wakati huo, Bwana Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kuanzia tarehe 21 Desemba kila atakayehitaji huduma za Serikali ana kwa ana atatakiwa kuonyesha ithibati ya kuchanjwa. Zilitajwa ofisi za kodi, za elimu na za uhamiaji, na hata kumzuru mgonjwa hospitalini. Kampeni ya siku kumi ilipangwa kuanza Ijumaa, tarehe 26, na azma ilikuwa kuwafikia watu wazima milioni 10 kabla mwaka haujaisha. Hadi wakati huo waliokamilisha chanjo hawakufika mmoja katika kila watu wazima kumi.

Hatuna ugomvi na azma hiyo. Kinga ni bora kuliko tiba, na hilo wazee wetu walilijua. Swali letu ni jingine: huyu aliyedaiwa ithibati ndani ya mwezi mmoja, je, chanjo yenyewe ilimfikia?

Mwanzoni tatizo lilikuwa uchache. Shehena ya kwanza, dozi 1,020,000 za AstraZeneca, iliingia nchini mwanzoni mwa Machi 2021, na uchanjaji ukazinduliwa tarehe 5 Machi katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Wakatangulizwa wahudumu wa afya, walimu na askari, kisha wazee wa miaka 58 na zaidi. Muda si muda India, ambako chanjo hiyo ilikuwa ikitengenezwa, ikashikwa na msiba wake na kuzuia shehena kutoka nje. Wengi waliochanjwa mara ya kwanza wakakaa wakiingoja dozi ya pili. Lakini tangu Agosti hali ilibadilika. Tarehe 23 Agosti zilifika dozi 880,460 za Moderna, na Septemba zikafuata za Johnson & Johnson na za Pfizer. Chanjo ikawa ipo nchini. Kilichobaki kilikuwa masafa mafupi kutoka kituoni hadi kwenye bega la mtu, na masafa hayo mafupi ndiyo yaliyokuwa magumu.

Aliyefika Huruma ameziona nyumba zake: majumba ya orofa sita, saba, yamebanana ukuta kwa ukuta, hayana lifti, na kila orofa ina vyumba vya kupanga vilivyojaa familia. Bibi wa miaka sabini mwenye magoti mabovu, anayeishi orofa ya sita, hashuki ila kwa dharura. Kwake yeye kituo kilicho hatua mia tatu kutoka mlangoni pa jumba ni sawa na kilicho ng'ambo ya bahari. Chanjo ya polio ya watoto twaijua: wachanjaji hubisha hodi mlango kwa mlango, wakamtia mtoto matone na alama kidoleni. Chanjo ya korona ilingoja mtu aifuate. Haikupanda ngazi.

Kizuizi cha pili ni wakati. Wako dada zetu wanaotoka nyumbani baada ya Alfajiri kwenda kutafuta kazi za mama fua, au kupanga mboga kibandani, nao hurejea karibu na Magharibi. Kituo kilifunguliwa wakiwa kazini na kilifungwa wakiwa njiani. Kwa mtu anayelipwa kwa siku, kushinda kwenye foleni ni kulaza watoto na njaa. Tena chanjo hii aghalabu huleta homa na maumivu ya mkono kwa siku moja au mbili, kwa hiyo anayefua nguo za watu hesabu yake si siku moja, ni tatu.

Cha tatu ni kitambulisho. Mfumo wa usajili, ulioitwa Chanjo KE, uliandikisha mtu kwa nambari ya kitambulisho chake cha taifa au hati nyingine inayokubalika. Nasi twajua kwamba Waislamu wengi wa mitaa hiyo, Waborana wa soko la mbuzi la Kiamaiko, Wasomali na Wanubi, walipitishwa mbele ya kamati za uchunguzi kabla ya kupewa kitambulisho, na wengine walizungushwa miaka mingi. Ingekuwaje ifikapo tarehe 21 Desemba? Asiye na kitambulisho asingechanjwa, asiyechanjwa asingehudumiwa ofisini, na kitambulisho chatoka ofisini. Tunawaomba wenye mamlaka walitazame jambo kama hili kwa jicho la uadilifu, kwani kumwadhibu mtu kwa kukosa alichonyimwa si haki.

Wako pia wanaosita kwa sababu ya dini, na hao tusiwakemee, bali tuwaeleze. Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari ya tauni ya Amwas, aliwashauri sahaba kisha akarejea Madina. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alijibu kwamba anatoka katika kadari yake kwenda katika kadari yake. Kujikinga ni katika kutawakali. Kuhusu uhalali wa chanjo, Baraza la Wanazuoni la Indonesia, Machi 2021, lilisema AstraZeneca ilitengenezwa kwa kutumia kitu chenye asili ya nguruwe. Watengenezaji walilikana hilo. Hata hivyo baraza lenyewe likaruhusu itumike kwa dharura ya maradhi. Ikiwa wenye msimamo mkali zaidi waliruhusu, sisi tunangoja nini? Na mama anayenyonyesha achanjwe na aendelee kunyonyesha, kwani Shirika la Afya Duniani halikuona sababu ya kumwachisha mtoto ziwa.

Bibi zetu waliokumbwa na mafua makuu ya mwaka 1918, yaliyoingia nchini kupitia bandari ya Mombasa, hawakuwa na chanjo ya kufuata wala ya kungojea. Sisi tumeneemeshwa nayo, na neema ina maswali yake.

Kwa maoni yetu, kuifikisha chanjo kwa asiyeweza kuifuata ni katika fardhi za kifaya, kama kumkafini na kumzika maiti: wakiifanya baadhi, dhima huwaondokea wote, wakiiacha wote, wote wamepata dhambi. Tusiiache mikononi mwa Serikali pekee, kwani Serikali haijui ni nani anayeishi orofa ya sita. Jirani anajua.

Basi twapendekeza haya kwa dada zetu wa Huruma, na kwa kila mtaa unaofanana nao.

Kwanza, kila jumba lihesabiwe. Wakina mama wawili au watatu wapite vyumbani waandike wazee, wagonjwa wa sukari na wa shinikizo la damu, na wale wasio na simu yenye intaneti, ili wasaidiwe kujisajili.

Pili, waende kwa kikundi. Chupa moja ya AstraZeneca ilikuwa na dozi kumi, na ikishafunguliwa ilipaswa kutumiwa ndani ya saa sita, kilichobaki kilitupwa. Mhudumu aliyejiwa na mtu mmoja jioni aliona uzito kuifungua. Akijiwa na watu kumi pamoja, hana sababu ya kuwarudisha. Kikundi hicho hicho kina uzito wa kumwomba mkuu wa kituo atume muuguzi nyumbani kwa asiyeweza kushuka.

Tatu, misikiti na madrasa ziombe kuwa vituo kwa siku moja moja, hasa Jumamosi na Jumapili. Lakini tukumbuke kwamba meza ikiwekwa mlangoni pa msikiti baada ya swala ya Ijumaa, itawafikia zaidi wanaume. Darasa za wanawake zipate siku yao, pawe na muuguzi wa kike na pazia, ili mwenye stara yake asilazimike kufunua mkono mbele ya wanaume.

Nne, mwaka 2021 asiyeweza kurudi mara ya pili aliweza kuuliza kama ipo Johnson & Johnson, ambayo ilitosha kwa dozi moja. Na asiye na kitambulisho asirudishwe kimya kimya. Aende pamoja na mhudumu wa afya wa jamii au mzee wa mtaa anayemjua, na suala lake lifikishwe kwa chifu na kwa mkuu wa kituo kwa jina, ili liandikwe.

Tano, aliyechanjwa atunzwe. Siku ya pili, mkono ukimuuma na homa ikimshika, jirani ampelekee chakula na amwangalizie watoto. Sahani ya wali na maharagwe huenda ikawachanja watu wengi kuliko mahubiri yetu, kwa kuwa mama fua anayejua kwamba watoto wake watakula kesho hatauogopa mkono wa kuuma.

Nanyi wasomaji wetu wa pwani, mpigieni simu binti yenu aliye Nairobi. Kumuuliza kama amechanjwa hakutoshi. Muulizeni ni nani katika jumba lake asiyeweza kushuka, na kama ana nauli au chakula cha siku anayoikosa kazi. Mkiwa na cha kumtumia, mtumieni. Sadaka ya namna hiyo haina gharama kubwa, nayo huokoa roho.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia, na atujaalie tuwe majirani wa kutegemewa. Amin.

Wabillahi tawfiq.