Waraka kwa wanachama: ankara kwanza, hundi ya karatasi baadaye

Ndugu wanachama wa ushirika mlioko Kamembe, Mururu, Gihundwe na Nkanka, nanyi mlio bondeni Bugarama, Muganza na Nyakabuye,

Katika kikao kilichopita tulibishana kuhusu misaada ya makampuni hadi jua likazama nyuma ya Bukavu, tukatawanyika bila azimio. Baadhi yetu walisema makampuni yanatoa kwa moyo safi, na anayehoji anafukuza riziki. Wengine wakasema yote ni matangazo. Kamati imeniagiza niandike kabla ya mkutano mkuu, nami naanza kwa kusema kwamba tulibishania swali lisilo na jibu. Nia ya mtu ni siri yake na Muumba wake. Kampuni haina hata moyo wa kuchunguza. Ina bodi, ina wahasibu, ina wenye hisa wanaosubiri gawio. Swali tunaloweza kulijibu sisi, kwa karatasi zilizomo kabatini mwetu, ni jingine: huyu anayetoa zawadi anadaiwa nini, na nani?

Hafla zenyewe mnazijua. Hema linasimamishwa tangu asubuhi, viti vya plastiki vinapangwa, spika zinaanza kuunguruma, watoto wanavishwa fulana zenye nembo zinazowafika magotini. Kisha inatolewa ile hundi kubwa ya karatasi ngumu ambayo hakuna benki itakayoipokea, wanne wanaishika pembe zake, kamera zinafanya kazi. Mara nyingi ni mchango wa mituweli, bima yetu ya afya. Mchango ukiwa faranga 3,000 kwa mtu, mituweli ya watu elfu moja ni faranga milioni tatu. Siidharau milioni tatu. Mgonjwa anayepokewa hospitali ya Gihundwe kwa sababu jina lake limelipiwa hajali nembo iko kwenye fulana ya nani. Lakini sisi ni wafanyabiashara, tunajua bei ya kukodi hema, viti, spika na gari la wapiga picha. Kila mmoja wenu akihudhuria hafla kama hiyo na afanye hesabu yake kimyakimya.

Sasa niseme lile ambalo katika kikao lilisemwa kwa mafumbo. Kuna kampuni, sitaitaja, iliyonunua kwetu mboga, mayai na usafirishaji, ikakaa na ankara zetu miezi na miezi. Wenzetu waliosajiliwa TVA, kodi ya ongezeko la thamani, wanajua uchungu wake: ukishatoa ankara ya kielektroniki ya EBM kwa bidhaa inayotozwa kodi hiyo, ile asilimia 18 inahesabiwa juu yako, na Mamlaka ya Mapato haingoji mteja wako apate nafasi. Na mama muuza mayai, ambaye hajaziona fedha za mauzo yake, alikopa ili alishe kuku. Katika majira hayo hayo kampuni ile iligawa mikoba ya shule, na baadhi yetu tukaalikwa kupiga makofi. Mikoba ile ilinunuliwa kwa fedha zetu. Tuliikopesha kampuni bila riba, bila mkataba, na bila jina letu kuandikwa popote kwenye mikoba.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema dawa yake ni mikoba. Na wenzetu Waislamu wa Kamembe na Bugarama wanatukumbusha kila mara kwamba mwenye deni analipa kwanza, kisha anafikiria sadaka. Hili likikubaliwa msikitini na sokoni, sioni kwa nini lishindwe ofisini.

Deni, hata hivyo, si ankara peke yake, na hapa ndipo ningependa tukae kidogo. Chukueni CIMERWA, ambayo kila mtu wa wilaya hii anaijua. Siiandikii lawama, naitaja kwa sababu historia yake inatufundisha. Kiwanda kilianza kutoa saruji mwaka 1984, kikiwa kimejengwa kwa msaada wa Wachina. Mwaka 2013 PPC ya Afrika Kusini ilishika asilimia 51 ya hisa, na mwaka 2015 kiwanda kipya cha tani 600,000 kwa mwaka kikazinduliwa pale Muganza. Mwaka 2020 kampuni iliorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Rwanda. Mwanzoni mwa 2024 PPC ikaondoka, na fungu lake likachukuliwa na National Cement, kampuni ya kundi la Devki la Kenya. Katika miaka kumi na moja mwenye kauli amekuja, amekaa, ameuza. Machimbo ya chokaa hayakuhama. Malori yanapita barabara ile ile, na anayeishi kando ya barabara ni yule yule. Mkurugenzi mwema akituahidi jambo jema kwa mdomo, ahadi inapanda ndege naye pale Kamembe siku anapohamishwa. Ndiyo maana ahadi inayotufaa ni ile iliyofungwa kwenye kiwanda: imeandikwa, imesainiwa, nakala iko wilayani, na anayenunua kiwanda anainunua pamoja nacho.

Kwenye saruji hiyohiyo kuna mfano wa pwani ya Kenya ambao nataka muuangalie vizuri. Kiwanda cha Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, kilichimba mawe ya matumbawe hadi kikaacha jangwa jeupe lenye maji ya chumvi chini yake. Mwaka 1971 mtaalamu wao wa kilimo, Mswisi René Haller, alijaribu kupanda miti humo. Katika aina 26 alizojaribu zilisalia tatu, mvinje ukiwa mmojawapo. Majani ya mvinje yalianguka yakakataa kuoza. Akaleta majongoo, wakayala, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Leo pale pana msitu, mabwawa na wanyama, mahali panapoitwa Haller Park. Dunia ilipajua zaidi baada ya tsunami ya Desemba 2004, pale kiboko mdogo Owen alipookolewa Malindi, akaletwa hapo na kumganda kobe mzee kana kwamba ni mama yake. Picha zile zilizunguka ulimwengu mzima, na kampuni ikapata sifa ambayo isingeweza kuinunua. Hesabuni lakini: kati ya mche wa kwanza na picha ya Owen ilipita miaka 33. Na tangu Desemba 2024 Bamburi ni mali ya Amsons ya Tanzania, lakini mvinje haujaulizwa mwenye hisa ni nani.

Je, Bamburi ilifanya hayo kwa upendo au kwa jina? Sijali, na nawaomba msijali. Ilianza na shimo ililolichimba yenyewe. Kampuni iliyochimba shimo ikaenda kupaka rangi shule iliyo mbali na shimo inaweza kuwa na watu wema sana ndani yake, lakini shimo liko palepale.

Baadhi yenu mtasema hayo ni ya Mombasa. Basi tutazame karibu. Mwaka 2012 taasisi mbili za hisani za Uingereza, The Wood Foundation na Gatsby, zilinunua sehemu kubwa ya hisa za kiwanda cha chai cha Shagasha kwa nia iliyotangazwa kwamba hisa zielekee kwa wakulima wenyewe. Bei ya majani mabichi nchini nayo ilifungwa kwenye bei ya chai iliyosindikwa, ili soko likipanda mkulima naye aone. Mkulima wa Giheke hapigiwi picha siku anapolipwa bei nzuri, wala hahitaji kucheza ngoma. Nyungwe nako, tangu 2005 sehemu ya mapato ya mbuga huenda kwa wananchi wanaopakana nazo. Ilianza asilimia 5, na mwaka 2017 ikawa 10. Mtu wa Bweyeye anaweza kulalamika kwamba fedha hazitoshi au zimechelewa, na malalamiko yake yana pa kushika, kwa kuwa kuna kiwango kilichotamkwa. Ukipewa zawadi unalalamikia nini? Ukilalamika unaitwa mkosa shukrani.

Ng'ambo ya mto somo ni kali zaidi, na wenzetu wanaovuka kila siku kwa jeto, kile kibali cha mpakani, wamelisikia kwa masikio yao. Kampuni ya Banro ya Canada ilichimba dhahabu Twangiza, katika Luhwindja, Kivu Kusini, na ilikuwa na mfuko wake wa hisani uliojenga shule na vituo vya afya. Desemba 2017 Banro yenyewe ilikimbilia mahakama ya Canada kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Hisani inayoning'inia kwenye pumzi ya kampuni huanguka nayo. Mwaka uliofuata, sheria ya madini ya Kongo iliyorekebishwa ikaweka kiwango: angalau asilimia 0.3 ya mauzo ya mgodi iende kwenye maendeleo ya wakazi, pamoja na makubaliano ya maandishi kati ya mgodi na wenyeji. Utekelezaji wa Kongo mnaujua, sina haja ya kuueleza. Hata hivyo mkazi wa kule leo anayo namba ya kuidai, na namba hiyo haitegemei kama mkurugenzi ameamka vizuri.

(Mauritius ilianza mapema kulazimisha makampuni kutoa hisani, mwaka 2009, kwa asilimia 2 ya faida, na India ikafuata kwa sheria ya 2013. Mimi sipiganii hilo hapa. Hisani ya lazima huishia kuwa kodi yenye jina tamu, na Mauritius yenyewe baadaye iliamua sehemu kubwa ipitie kwa wakusanya kodi.)

Nawajibu sasa waliosema mkono mtupu haulambwi. Mama mmoja wa Nkombo alituambia kikaoni kwamba tanki la maji ni tanki la maji, liwe na nembo au lisiwe nayo, na kwamba anayebishana kuhusu nia hajawahi kupanda mlima na dumu kichwani. Alisema kweli. Sipendekezi tukatae tanki. Napendekeza tulipokee kwa macho makavu, na tuulize pale pale nani atalibadilisha bomba likipasuka, kwa sababu tunayajua matanki yaliyozinduliwa kwa ngoma ambayo sasa ni makao ya mijusi.

Wala sipingi matangazo. Tour du Rwanda inapofika kwetu Kamembe, barabara nzima imepakwa nembo za wadhamini, na hakuna anayesema wametoa sadaka. Wamelipia kuonekana, wameonekana, biashara imekwisha kwa heshima. Kampuni ikitaka nyuso zetu na za watoto wetu kwenye mabango yake, hiyo nayo ni biashara, na ina bei yake. Kinachoniudhi ni kuuziwa biashara kwa jina la sadaka, kisha tukaombwa na shukrani juu yake.

Kuna methali inayosema tenda wema uende zako, usingoje shukrani. Nimeisikia ikinukuliwa mara nyingi dhidi ya makampuni yanayopenda kamera. Kwa mtu binafsi ni maneno ya dhahabu. Kwa kampuni mimi nataka kinyume chake: itende wema na isiende. Ikae, ijibu barua, ije mwaka ujao tukiwa na maswali. Kampuni inayotoa kwa siri na kutoweka ni ngumu kuidai kuliko ile iliyojitangaza mbele ya wilaya nzima. Picha zile za hundi, wenzangu, ni ushahidi. Tuzihifadhi zikiwa na tarehe.

Basi kamati italeta mbele ya mkutano mkuu mapendekezo ambayo nawaomba myafikirie nyumbani, hasa wale mtakaoyapinga. Ushirika usihudhurie hafla ya kampuni yoyote ambayo ankara zetu kwake zimepita siku walizokubali wao wenyewe kulipa. Barua ya udhuru itaandikwa kwa adabu na itataja deni. Barua yoyote ya shukrani iende pamoja na orodha ya yale tunayodai, kwenye bahasha moja. Watoto wetu wasipigwe picha za matangazo bila ruhusa ya maandishi ya mzazi. Na lile ambalo naona wengi watalicheka: tununue hisa chache za CIMERWA kwa jina la ushirika, kama bado zinapatikana sokoni. Kampuni iliyo sokoni hutoa taarifa yake ya mwaka hadharani, na mwenye hisa, hata ziwe chache kiasi gani, anaalikwa mkutano mkuu na anaruhusiwa kuuliza. Nafikiri swali moja lililoulizwa pale na mtu wa Bugarama mwenye karatasi mkononi lingesikika kuliko makofi yetu yote chini ya mahema.

Kanuni hii ya deni kwanza itatushika na sisi. Mwezi ujao ushirika unalipia mituweli familia za jirani, na tayari nimeulizwa kuhusu bango na fulana. Kabla ya bango, wabebaji wetu wa forodhani Rusizi ya pili walipwe malimbikizo yao, ambayo mweka hazina anayajua hadi faranga ya mwisho. Yakibaki madeni siku hiyo, nitapinga fulana mbele ya wote.

Kila mwenye ankara ambayo haijalipwa alete nakala kwa katibu, sokoni Kamembe, kabla ya umuganda wa mwisho wa mwezi huu. Iwe na mhuri wa aliyepokea bidhaa na tarehe ya kupokea. Wa bondeni mnaweza kumkabidhi mjumbe wenu wa Bugarama. Atapanda na basi la asubuhi. Ankara isiyo na mhuri msiiache nyumbani, ileteni pia, tutatafuta shahidi.

Wenu,
Katibu, kwa niaba ya kamati
Kamembe, Rusizi