Kabla hujauza mahindi umlipie kijana kozi ya mitandao

Kila baada ya mavuno, ukipita mijini kwetu utakuta karatasi zimebandikwa kwenye nguzo za umeme na kuta za stendi: kozi fupi ya mitandao ya kompyuta, wiki sita tu, CCNA, ajira nje nje. Mzazi anayesoma tangazo hilo ana magunia machache ghalani na kijana aliyemaliza shule yuko nyumbani. Anajiuliza, niuze au nisiuze?

Mimi niliuza. Mwaka 2016 nilitoa fedha za duka nikamlipia mtoto wa kaka yangu kozi ya namna hiyo. Chumba kilikuwa na kompyuta 8 na wanafunzi zaidi ya 20. Ruta ilikuwa moja, na aliyeigusa ni mwalimu peke yake. Mwisho wa kozi akapewa cheti kizuri chenye mhuri, tukafurahi nyumba nzima. Alipokwenda kwenye usaili akaulizwa namba ya cheti chake cha Cisco. Hakuwa nayo, na wala hakujua kuwa alitakiwa kuwa nayo.

Hapo ndipo wazazi wengi tunapoliwa. CCNA ni cheti cha kampuni ya Cisco ya Marekani, kilianza kutolewa mwaka 1998. Chuo hakiwezi kukutolea, kiwe cha mtaani au chuo kikuu. Hupatikana kwa kufaulu mtihani unaofanywa kupitia Pearson VUE. Mtihani wa sasa, wenye namba 200-301, ulianza Februari 2020. Ni wa dakika 120, hauna Kiswahili, na ada yake ni dola 300 kabla ya kodi. Kwa shilingi zetu hiyo ni zaidi ya laki saba; hesabu mwenyewe ni magunia mangapi kwa bei ya soko lako wiki hii. Ukifeli unalipa upya. Ukifaulu, cheti kinadumu miaka 3, kisha unatakiwa kukihuisha.

Jambo ambalo matangazo hayasemi ni kwamba Cisco haimlazimishi mtu kukaa darasani kabla ya mtihani. Awe amesomea chuoni au chini ya mwembe, atapimwa sawa na wengine.

Sasa ukilipa ada ya kozi unanunua nini? Kama ni maelezo tu, mengi yapo bure. Cisco Networking Academy, mpango ulioanza mwaka 1997, una masomo ya mwanzo yasiyolipiwa kwenye intaneti, pamoja na programu ya Packet Tracer inayomwezesha mwanafunzi kuunganisha ruta na swichi za kuigiza ndani ya kompyuta. Anayekuuzia karatasi za maelezo hayo hayo anakuuzia maji kando ya mto.

Sisemi darasa halina maana. Kijana asiye na kompyuta hawezi kuifahamu kazi hii kwa kutazama simu, na umeme wetu mnaujua. Kuna mambo, kama kugawanya anwani za IP, ambayo mwalimu mzuri huyafungua kwa saa moja wakati peke yako ungesumbuka wiki. Kwa hiyo kabla ya kulipa nenda ukaone kwa macho: vifaa vingapi kwa wanafunzi wangapi, nani anavishika, na je, ada ya mtihani imo? Muulize mwenye chuo akuonyeshe waliofaulu mtihani wenyewe. Akianza kuzungukazunguka, rudi nyumbani na fedha zako.

Mafunzo ya MTCNA, ya ruta za MikroTik kutoka Latvia, ni habari nyingine kidogo. Mtihani wake hufanywa mwishoni mwa mafunzo, hivyo mtihani na darasa huenda pamoja.

Na ajira? Tuseme ukweli. Mabenki na kampuni za simu kwa kawaida huanza kwa kuuliza stashahada au shahada, CCNA ikawa nyongeza. Kijana mwenye elimu hiyo tayari, fedha zako ziende kwenye ada ya mtihani. Wa kidato cha nne asiyekuwa nayo, mimi ningemnunulia kwanza kompyuta mpakato iliyotumika, koleo la kubania vichwa vya waya, kipima waya na ruta ya mitumba. Nyumba za wageni zinataka waifai, maduka yanataka kamera za ulinzi, vyama vya ushirika vina kompyuta zisizoongea na printa. Huko hakuna anayeuliza cheti. Wanauliza itawaka lini. Kwa wote wawili, darasa la kulipia nimeliweka nyuma, na hata hapo aonyeshe kwanza miezi miwili ya kujisomea bila kusukumwa.

Yule mtoto wa kaka alikuja kujifunza kazi kwa kumfuata fundi mmoja mwaka mzima, akibeba ngazi na kuvuta waya darini. Leo anafunga kamera madukani na anajilipia pango. Majuzi alinipigia: “Baba mdogo, nataka nikaufanye ule mtihani.” Nimemwambia dola 300 tutachanga naye nusu kwa nusu. Akaniuliza kuhusu kozi ya maandalizi iliyobandikwa pale stendi. Hiyo, nikamwambia, ajilipie mwenyewe.