Paa Likivuja, Nani wa Kuliziba?

Ndugu msomaji, kila familia ya mjini iliyopata kuishi katika nyumba ya kupanga inalijua swali hili: paa likivuja, ni nani wa kuliziba, mwenye nyumba au mpangaji? Swali hilo hilo hapana budi tuliulize kila tusikiapo kwamba maji ya mji yatakabidhiwa kampuni.

Jiji la Dar es Salaam limekwisha kuyaona hayo. Agosti 2003, kazi ya kusambaza maji na kukusanya malipo ilikabidhiwa kampuni ya City Water kwa mkataba wa miaka 10. Wabia wake walikuwa Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na Superdoll ya hapa nchini. Ubinafsishaji huo ulikuwa mojawapo ya masharti ya kupata nafuu ya madeni ya nje.

Yafaa tuelewe kilichotolewa na kisichotolewa. Mabomba, matangi na mitambo ya Mto Ruvu havikuuzwa. Viliendelea kuwa mali ya umma chini ya DAWASA. Kampuni ilikuwa mpangaji. Fedha za matengenezo makubwa, zaidi ya dola milioni 140, zilikuwa mikopo ya Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Kampuni yenyewe iliahidi kutia dola milioni 8.5. Kwa maneno mengine, mpangaji alishika ufunguo na daftari la makusanyo, bali deni la paa lilibaki kwa mwananchi.

Makusanyo hayakufikia matarajio, na ada ya ukodishaji haikulipwa ipasavyo. Mei 2005 Serikali ilitangaza kuuvunja mkataba, na kazi ikachukuliwa na shirika la umma, DAWASCO. Shauri likafika katika baraza la usuluhishi la kimataifa. Mwaka 2008 baraza hilo liliamua kwamba Tanzania ilikiuka ahadi zake za kulinda vitega uchumi, lakini halikuwapa wawekezaji fidia yoyote, kwa kuwa biashara hiyo ilikuwa imekwisha kukosa thamani.

Hata hivyo, ndugu msomaji, tusijidanganye. Mabomba yalikuwa yakivuja tangu kabla ya 2003, yakiwa mikononi mwa umma, na kaya nyingi zilikuwa zikinunua maji kwa ndoo, kwa bei iliyozidi ya bombani. Kubadili jina juu ya ankara hakuzibi bomba. DAWASCO nayo iliunganishwa na DAWASA mwaka 2018, lakini fundi, mita na fedha za matengenezo vingali vinahitajika kila siku.

Basi, ankara ifikapo nyumbani, baba na mama waisome pamoja na watoto. Walinganishe tarakimu zake na za mita. Wakiona maji yanamwagika njiani, watoe taarifa, maana maji yale yamesafishwa na kusukumwa kwa gharama, wala hayamlipi mtu. Na siku utakapoletwa mkataba mwingine wa maji, wananchi tuulize mapema, kabla ya wino kukauka: nani anakopa, nani anakusanya, nani anatengeneza, na hasara ikitokea itamwangukia nani?